Ukarimu kwa wasafiri katika Biblia

Ukarimu kwa wasafiri katika Biblia ni mafundisho na masimulizi ya kitabu hicho kuhusu wajibu wa kumpokea mgeni na kumpatia mahitaji ya safari yake: maji, chakula, malazi, usalama na masurufu ya njiani. Mada hii inapatikana katika Agano la Kale na katika Agano Jipya, na imeongoza maisha ya Wakristo tangu karne za kwanza hadi leo.

Katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, hasa katika milima ya Mbinga na kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, mafundisho hayo yaliletwa na wamisionari ambao wenyewe walikuwa wasafiri waliotegemea kupokelewa na wenyeji. Huko yalikutana na desturi za jamii zilizokuwa tayari zinamheshimu mgeni.

Maneno yanayotumika

Katika Agano Jipya neno la Kigiriki linalotafsiriwa "ukarimu" au "kukaribisha wageni" ni filoksenia, ambalo maana yake ni kumpenda mgeni. Hivyo neno lenyewe halihusu tu utoaji wa mali, bali uhusiano na mtu asiyejulikana.

Kiebrania cha Agano la Kale kinatofautisha wageni wa aina mbalimbali. Ger ni mtu wa taifa lingine anayeishi kati ya Waisraeli bila kuwa na ardhi ya urithi. Nokri ni mgeni wa nje, kwa mfano mfanyabiashara anayepita. Torati inamtetea hasa ger, kwa sababu hakuwa na ukoo wa kumlinda wala shamba la kumlisha. Ndiyo maana mara nyingi anatajwa pamoja na yatima na mjane.

Mazingira ya safari za kale

Katika nchi za Biblia watu walisafiri kwa miguu, kwa punda au kwa ngamia, wakipita maeneo makavu yenye visima vichache. Nyumba za kulala wageni zilikuwa adimu wakati wa Agano la Kale. Msafiri aliyefika mjini jioni aliketi langoni au katika uwanja wa mji, akingoja mtu wa kumkaribisha kwake. Kukosa mwenyeji kulimaanisha kulala nje, katika hatari ya wezi, wanyama na baridi.

Kwa hiyo ukarimu haukuwa suala la adabu tu. Aliyenyimwa maji au malazi aliweza kufa. Tena kila mwenyeji alijua kwamba kesho yake yeye mwenyewe angeweza kuwa njiani.

Katika Agano la Kale

Abrahamu na Lutu

Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Abrahamu kwenye mialoni ya Mamre (Mwa 18:1-16). Akiwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali, aliona watu watatu, akawakimbilia, akainama mbele yao, akawaomba wasimpite. Aliahidi maji ya kunawa miguu na kipande cha mkate tu, lakini alitoa zaidi sana: Sara alioka mikate kwa vipimo vitatu vya unga mzuri, kijana akatayarisha ndama, na Abrahamu mwenyewe akasimama karibu nao walipokuwa wakila. Mwishoni aliwasindikiza njiani. Katika masimulizi hayo, wageni ndio walioleta habari kwamba Sara atapata mtoto.

Sura inayofuata inaonyesha upande wa pili. Lutu aliwapokea wageni wawili huko Sodoma, lakini watu wa mji walitaka kuwatendea jeuri (Mwa 19:1-11). Simulizi linalofanana nalo ni la Mlawi aliyepita Gibea, ambako mzee mmoja tu, naye si mwenyeji wa mji huo, alimfungulia mlango (Amu 19). Masimulizi hayo mawili yana sehemu ngumu: Lutu alikuwa tayari kuwatoa binti zake ili kuwalinda wageni, na huko Gibea suria wa Mlawi alitolewa nje na kudhulumiwa hata kufa. Kitabu cha Waamuzi kinaliita tukio hilo uovu usiowahi kuonekana katika Israeli. Wafafanuzi wengi wanaona hapo kipimo cha ukarimu wa kweli: ulinzi wa mgeni hauwezi kulipwa kwa uhai au heshima ya aliye dhaifu zaidi nyumbani.

Kisimani

Mtumishi wa Abrahamu alipotumwa kumtafutia Isaka mke, ishara aliyoomba ilihusu ukarimu: msichana atakayempa maji yeye na ngamia wake pia. Rebeka alifanya hivyo kwa ngamia 10 (Mwa 24:10-20), kazi kubwa kwa mtu anayechota kwa mtungi. Baadaye ndugu yake, Labani, alitoa majani na malisho kwa wanyama, maji ya kunawa miguu na chakula. Musa naye, akikimbia kutoka Misri, alikaribishwa na kuhani wa Midiani baada ya kuwasaidia binti zake kisimani (Kut 2:15-21).

Sheria

Torati inatoa sababu ya pekee ya kumtendea mgeni vizuri: Waisraeli wenyewe walikuwa wageni huko Misri, hivyo wanajua moyo wa mgeni (Kut 23:9, Law 19:33-34, Kumb 10:18-19). Kutokana na kumbukumbu hiyo zilitungwa kanuni za utendaji:

- Mvunaji asimalize pembe za shamba, wala asirudi kuokota masazo, hayo ni ya maskini na mgeni (Law 19:9-10, Kumb 24:19-22). Ruthu, mjane kutoka Moabu, aliishi kwa kanuni hiyo.
- Zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe akiba mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kumb 14:28-29).
- Mpita njia anaweza kula zabibu katika shamba la mtu hadi ashibe, lakini asiweke chomboni. Anaweza kukwanyua masuke kwa mkono, lakini asitumie mundu (Kumb 23:24-25). Hivyo njaa ya msafiri inatibiwa bila mkulima kuporwa mavuno.
- Miji ya makimbilio iwe wazi kwa mgeni pia, si kwa Mwisraeli tu (Hes 35:15).

Waamoni na Wamoabu wanalaumiwa kwa sababu hawakuwalaki Waisraeli njiani kwa mkate na maji (Kumb 23:3-4).

Wajane na manabii

Masimulizi juu ya manabii yanawapa wanawake nafasi kubwa. Mjane wa Sarepta, aliyekuwa amebakiwa na konzi ya unga na mafuta kidogo wakati wa njaa, alimpikia kwanza Eliya (1Fal 17:8-16). Katika simulizi hilo mgeni anaomba kwa mtu maskini kuliko wote, na pipa la unga halikupunguka. Mwanamke wa Shunemu, aliyekuwa na uwezo, alimjengea Elisha chumba kidogo juu ya nyumba na kuweka humo kitanda, meza, kiti na kinara cha taa (2Fal 4:8-10). Elisha mwenyewe alimzuia mfalme wa Israeli kuua askari wa Shamu walionaswa, akataka wapewe chakula na maji, kisha waende zao (2Fal 6:22-23).

Kinyume chake, Nabali anakumbukwa kwa kuwanyima chakula watu wa Daudi. Mke wake, Abigaili, alizuia umwagaji damu kwa kuwapelekea mikate, divai, nyama na matunda (1Sam 25).

Katika Agano Jipya

Yesu kama mgeni

Injili zinamchora Yesu kama mtu aliyehitaji kupokelewa. Alipozaliwa, alilazwa katika hori kwa kukosa nafasi (Lk 2:7). Alipokuwa mtoto alikimbiziwa Misri (Mt 2:13-15). Katika utume wake alikula kwa Zakayo mtoza ushuru, kwa Simoni Mfarisayo, na kwa Martha na Maria. Kwa Simoni alitaja wazi yale aliyokosa: maji ya miguu, busu la salamu na mafuta ya kichwa (Lk 7:44-46). Kijiji kimoja cha Wasamaria kilipokataa kumpokea, aliwakemea wanafunzi waliotaka kulipiza kisasi kwa moto, wakaenda kijiji kingine (Lk 9:51-56).

Huko Emau, wanafunzi wawili walimsihi mwenzao wa njiani abaki nao kwa kuwa kumekuchwa. Walimtambua kuwa ni Yesu alipoumega mkate (Lk 24:13-35).

Mafundisho yake

- Msamaria mwema (Lk 10:30-37) alimfunga majeraha msafiri aliyeporwa, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka katika nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kufidia gharama zitakazozidi. Mfano unajumuisha huduma ya kwanza, usafiri, malazi na malipo.
- Rafiki wa usiku wa manane (Lk 11:5-8) anakwenda kukopa mikate mitatu kwa ajili ya mgeni aliyefika ghafla. Mwenyeji asiye na kitu anatafuta kwa jirani.
- Katika karamu waalikwe maskini, vilema na vipofu, ambao hawana cha kurudisha (Lk 14:12-14).
- Hata kikombe cha maji baridi hakikosi thawabu (Mt 10:42).
- Katika hukumu ya mwisho, kumpokea au kutompokea mgeni kunahesabiwa kama kumtendea Kristo mwenyewe (Mt 25:31-46).

Yesu aliwapa adabu pia wanaopokelewa. Wanafunzi waliotumwa walitakiwa kusafiri bila mzigo, kusalimia nyumba kwa amani, kula wanachopewa na kutohamahama kutoka nyumba hadi nyumba (Lk 10:1-12). Hivyo mgeni hakuruhusiwa kuchagua mwenyeji mwenye meza nzuri zaidi.

Mitume na jumuia za kwanza

Uenezaji wa Ukristo ulitegemea nyumba za waamini. Lidia, mfanyabiashara wa vitambaa vya zambarau, aliwashurutisha Paulo na wenzake wakae kwake huko Filipi (Mdo 16:14-15). Baada ya jahazi kuvunjika, wenyeji wa Malta, ambao hawakuwa Wakristo, waliwawashia moto watu 276 waliookoka katika mvua na baridi (Mdo 27:37; 28:2), na Publio aliwakaribisha siku tatu. Walipoondoka walipakiwa vitu walivyohitaji kwa safari (Mdo 28:10).

Nyaraka zinaufanya ukarimu kuwa wajibu wa wote (Rum 12:13, Ebr 13:2), utimizwe bila kunung'unika (1Pet 4:9), na kuwa sifa ya lazima ya askofu (1Tim 3:2, Tit 1:8). Tito anaagizwa awasafirishe kwa bidii Zena na Apolo wasipungukiwe na kitu (Tit 3:13). Waraka wa tatu wa Yohane unamsifu Gayo kwa kuwapokea ndugu wageni, ukimlaumu Diotrefe aliyewakataa na kuwazuia wengine kuwapokea (3Yoh 5-10).

Mipaka

Biblia haimwachii mgeni kila kitu. Waraka wa pili wa Yohane unaonya dhidi ya kumpokea mwalimu wa uongo (2Yoh 10-11), na Paulo anakataza watu wavivu kula jasho la wengine (2Thes 3:10).

Didake, kitabu cha Kikristo cha zamani sana, kinaendeleza jambo hilo: mpita njia asaidiwe, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu, akitaka kuhamia na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Methali ya Kiswahili inafikia hoja hiyohiyo bila kukitegemea kitabu hicho: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, inakaribia simulizi la Mamre na la Sarepta, ambapo anayepokea ndiye anayefaidika.

Katika historia ya Kanisa

Katika karne ya 4, askofu Basili alianzisha karibu na Kaisaria ya Kapadokia kituo kikubwa cha kuhudumia maskini, wagonjwa na wasafiri. Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia alitenga sura ya 53 ya kanuni yake kwa wageni: wote wapokelewe kama Kristo, hasa maskini na wanaohiji, jiko lao liwe peke yake kwa kuwa wanafika saa zisizotazamiwa, na vitanda vya kutosha viwe tayari.

Kanuni hiyo ilifika Ruvuma pamoja na Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani, walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kutokana na kazi yao Ukatoliki ulienea katika milima ya Umatengo. Jimbo Katoliki la Mbinga lilianzishwa mwaka 1986 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Songea.

Katika Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa

Mazingira

Milima ya Umatengo, zilipo kata za Wilaya ya Mbinga kama Mbuji, inafikia karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Tofauti hiyo inafanya watu wa pande mbili wahitajiane: milimani kuna mahindi, maharagwe na kahawa, pwani kuna muhogo na samaki, wakiwemo dagaa wa ziwa hilo wanaoitwa usipa. Kabla ya magari, aliyeshuka au kupanda na mzigo kichwani alihitaji mahali pa kulala. Siku hizi barabara ya lami inaunganisha Mbinga na Mbamba Bay, lakini vijiji vingi bado vinafikiwa kwa miguu au bodaboda, hasa wakati wa masika.

Ziwani nako safari inategemea hali ya hewa. Upepo mkali wa kusini-mashariki unaweza kuzuia mitumbwi na boti zisiondoke, na abiria wakalazimika kungoja ufukweni. Ajali zimewapata hata viongozi wa Kanisa: askofu Mwanglikana Chauncy Maples alizama ziwani mwaka 1895. Kwa wakazi wa mazingira hayo, simulizi la Malta linahusu jambo linalojulikana.

Desturi za wenyeji

Kati ya Wamatengo, sengu ilikuwa mahali ambapo watu wa ukoo walikula pamoja vyakula vilivyoletwa kutoka nyumba mbalimbali na kujadili mambo yao. Desturi ya namna hiyo inapunguza uzito wa ugeni: mzigo wa kulisha hauangukii nyumba moja, na aliyekosa siku hiyo anakula cha jirani.

Mambo mengine yanafanana na ya sehemu nyingi za Tanzania. Anayefika hupiga hodi na kungoja kuitikiwa karibu. Hupewa kiti na maji kabla ya kuulizwa shida yake. Na anapoondoka husindikizwa. Kusindikiza ni sehemu ya ukarimu, kama Abrahamu alivyofanya huko Mamre na kama Gayo alivyoombwa afanye (3Yoh 6).

Wamisionari kama wageni

Pwani ya ziwa ilifikiwa na Waanglikana wa UMCA, waliokuwa na makao makuu kisiwani Likoma tangu mwaka 1885. Meli yao Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilizunguka vijiji vya kando ya ziwa. William Percival Johnson alifanya kazi huko kwa zaidi ya miaka 40, akitembelea vijiji na kutafsiri Biblia kwa Kinyanja, hadi alipofariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kazi ya namna hiyo isingewezekana bila wenyeji wa kuwapa wasafiri hao chakula, malazi na watu wa kuwaongoza njia. Kwa maana hiyo, watu wa vijijini walitekeleza agizo la Lk 10 kabla hawajalisoma.

Baadaye misheni zenyewe zikawa mahali pa kupokelea watu. Hospitali za Liuli na Litembo zinahudumia wagonjwa kutoka mbali, na mara nyingi ndugu anayemuuguza mgonjwa anahitaji naye mahali pa kupikia na kulala.

Wakimbizi wa Msumbiji

Mtihani mkubwa zaidi wa ukarimu ulitokea wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji (1964-1974), ambapo maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia kusini mwa Tanzania. Serikali ilianzisha makazi kadhaa kwa ajili yao, yakiwemo Muhukuru upande wa Songea na Lundo karibu na Ziwa Nyasa. Kati ya waliohudumia makazi hayo ilikuwa TCRS, shirika la Kikristo la huduma kwa wakimbizi lililoanza mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Mpango wa makazi ulikuwa kuwapa wakimbizi ardhi ya kulima ili wajilishe badala ya kutegemea mgawo wa chakula daima. Hapo ukarimu wa siku chache ulibidi uwe wa miaka, kama Torati ilivyofikiria juu ya ger: mtu anayehitaji si mlo tu, bali shamba, kazi na haki. Baada ya Msumbiji kupata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi walirudi kwao.

Masuala ya leo

Nyumba za kulala wageni, mabasi na simu vimebadilisha mahitaji ya msafiri. Mwenye fedha hahitaji tena kungoja langoni pa mji. Wanaobaki bila mwenyeji ni wale wasioweza kulipa: vibarua wa msimu wa kahawa, wanafunzi wanaosoma mbali na kwao, wauguzaji wa wagonjwa na abiria waliokwama. Katika Kanisa Katoliki, jumuia ndogondogo za Kikristo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, ni njia mojawapo ya kugawana mzigo huo kati ya nyumba kadhaa.

Suala lingine ni nani anayefanya kazi ya ukarimu. Katika Biblia Sara anaoka, Rebeka anachota maji, Martha analemewa na shughuli nyingi. Vivyo hivyo katika nyumba nyingi za Tanzania baba hukaribisha, na mama na mabinti hutafuta kuni, maji na kitoweo. Simulizi la Martha na Maria (Lk 10:38-42) mara nyingi hutumiwa kujadili jambo hilo, pamoja na lile la Mamre, ambamo Abrahamu mwenyewe alikimbia zizini kuchagua ndama na kuwaandalia wageni kwa mikono yake.

Ukarimu kwa msafiri hauhusu Wakristo tu. Qurani nayo inasimulia wageni wa Ibrahimu walioandaliwa ndama, na kumtaja msafiri aliyekwama kati ya wanaostahili zaka. Kwa sababu hiyo mada hii ni mojawapo ya zile zinazowakutanisha kwa urahisi Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi katika Afrika Mashariki.